Mpira ulioanguka mbele ya mama mkwe

Fransiska, nimeaibika leo, hata sijui nianzie wapi!!

Ile semina ya akina mama hapa Izia, si unaijua? Mtaalamu kaja na kifaa cha kuvaa kichwani, kinasoma ubongo. Ukitulia, mpira kwenye skrini unapanda. Ukishtuka, unaanguka. Hugusi chochote!

Nikajitolea mimi, na kimbelembele changu. Nikavuta pumzi, nikaitoa taratibu, mpira ukapanda mpaka juu. Watu wakashangilia.

Mara mlango ukafunguliwa. Mama mkwe! Katoka Matai bila taarifa, kaelekezwa niko huku.

Sasa ningefanyaje? Nikapiga magoti na kifaa kichwani, nikapiga makofi ya heshima, kama desturi yetu ya kusalimia wakwe, sura imejaa tabasamu: "Shikamoo mama."

Mpira PUU! Chini kabisa. Ukumbi mzima unatazama.

Na mtaalamu hajui hata kunyamaza: "Mwili wake umehisi hatari."

Mama mkwe: "Hatari gani? Si nimeingia mimi tu?"

MIMI TU. Kasema hivyo, Fransi!

Akaomba avae yeye. Akakivaa, akaanza kunisema mbele za watu: ugali wangu mbichi, nyumba yangu vumbi, mwanawe kakonda. Mpira uko juu, hautikisiki!!

Mtaalamu kafurahi: "Mnaona mtu aliyetulia?" Eti nikajifunze utulivu kwa mama.

Na mama kakubali. Begi lake limeshaingia chumbani.