Kwa Hieronim Zawilski, Ambaye Hatukumpa Kaburi Aliloliomba

Mwaka umetimia, Hieronim, tangu asubuhi ile ya theluji ulipokata roho katika chumba cha juu, miguu ikielekea jiko la vigae na vidole vimeng'ang'ania kitabu, hata Padri Walenty akakosa pa kukushikisha msalaba.

Watu wa Kraków wamekwisha kukuandika magazetini: mwana wa ukoo mkubwa, profesa wa fasihi, mjumbe wa Bunge kule Lwów. Yote kweli. Sisi wa nyumbani tunakukumbuka kwa madogo. Tunakukumbuka ukinywa supu ya bitiruti imeshapoa, kwa kuwa ukurasa ulikuwa haujaisha. Tunakukumbuka ukiwasomea farasi mashairi, nao wakikusikiliza kwa adabu kuliko wanafunzi wako. Baba yako alipofariki, barua za rambirambi ulizisahihisha kwanza kwa wino mwekundu, ndipo ukalia. Mashairi ya mapenzi uliyajua yote kwa moyo. Mkeo Klementyna anasema angali anangoja lake.

Ulikuwa mpole. Hukuwahi kuinua mkono juu ya mtumishi, na kila Noeli ulimegeana mkate mwembamba wa sikukuu na watu wote wa nyumba, hata yule mpishi aliyekuwa akituibia siagi.

Mkono huo huo mpole ndio uliounyoosha kule Lwów siku ya kupigia kura sheria ya uwindaji. Sheria yenyewe haikuwa na mzunguko: mnyama wa msituni ni mali ya mwenye msitu, hata akiwa katikati ya shamba la mkulima. Nguruwe mwitu akila viazi vyako, mpigie kelele, mwombee dua, lakini usimguse. Binamu zako wote walinyoosha mikono, nawe ulikuwa na haraka ya kuwahi treni ya Kraków. Ukanyoosha.

Vuli ile Szczepan, mtoto wa pekee wa mjane Petronela, alimchoma nguruwe kwa uma wa nyasi ndani ya viazi vya mama yake. Mlinzi wa msitu wetu akampiga kijana risasi, akafa. Ulipata habari kwamba jangili mmoja ameuawa. Ukasema, "Masikini," ukafungua ukurasa mwingine. Jina hukuuliza.

Kiangazi kilichofuata ukaja kijijini kukusanya nyimbo za kale, kama ilivyokuwa desturi yako. Ukamkuta Petronela akipalilia kabichi huku akiimba wimbo wa mama ambaye mwanawe kauawa kwa ajili ya mnyama. Uliuandika wote papo hapo kwa furaha. Kule Kraków ukautolea mhadhara, ukumbi umejaa pomoni. Ukawaeleza kwamba wimbo huo ni wa karne nyingi, tangu Watatari walipoichoma nchi yetu, na kwamba mnyama anayetajwa ni mfalme wao, kafichwa kwa lugha ya ishara. Watu wakapiga makofi. Mabibi wakatoa leso.

Ukaupiga chapa. Ukamletea Petronela nakala yenye jalada la ngozi, naye hajui kusoma. Dada yako Salomea alikuwa na wewe siku hiyo, kabaki juu ya gari la farasi anakula plamu.

"Bibi Petronela," ukamwambia, "wimbo wako sasa unajulikana mpaka Vienna! Ila nahisi ubeti wa mwisho umepotea. Waliokufundisha hawakukuachia?"

"Hakuna aliyenifundisha, bwana mkubwa. Nimeutunga mwenyewe. Na ubeti wa mwisho bado. Nikipata nguvu nitaumaliza."

Ukacheka. Ukadhani anaona haya. "Lakini huyu mnyama, wazee walisema ni nani? Mfalme wa Watatari, sivyo?"

"Ni nguruwe, bwana mkubwa."

"Nguruwe?"

"Nguruwe. Alikuwa pale kwenye viazi. Na msitu wa kwenye wimbo ndio ule, wako. Na mtoto ni Szczepan, aliyekuwa akikushikia farasi ukija kanisani. Bwana mkubwa hamkumbuki? Alikuwa na masikio makubwa."

Salomea aliacha kutafuna. Wewe ulivua kofia yako ukasimama nayo juani muda mrefu, mpaka Petronela mwenyewe akakuonea huruma, akasema, "Vaa, bwana mkubwa, utaungua kichwa."

Tangu hapo hukuwa Hieronim tuliyemjua. Mlinzi ulimfukuza. Vitabu ulivyovipiga chapa ulivirudisha nyumbani ukavitia jikoni kimoja kimoja, nyumba ikapata joto kuliko miaka yote. Ukaenda Lwów ukasimama bungeni kuomba sheria ifutwe. Ukawasomea wimbo wote, hukuruka neno. Binamu yako Kajetan akakuuliza kwa sauti, ukumbi mzima ukisikia, "Profesa, na nguruwe naye atapewa haki ya kupiga kura?" Walicheka hata wazee wakashika mbavu. Ulishindwa. Uchaguzi uliofuata hawakukurudisha. Kiti chako anakikalia Kajetan.

Ukarudi na kikohozi, na kikohozi hakikukuacha. Siku za mwisho ulikuwa na ombi moja tu. "Dada, msinilaze chini ya kanisa na akina babu. Nilazeni makaburini kwa wanakijiji, ubavuni pa Szczepan. Niahidini." Klementyna akaahidi palepale, machozi yanamtoka. Salomea hakuahidi. Alisema, "Kwanza nitamwuliza mwenye mtoto."

Ukiwa umelazwa sebuleni, mishumaa inawaka, Salomea alikwenda. Petronela alimkaribisha, akamkatia mkate mweusi, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Anataka kulala na mwanangu?"

"Ndiyo. Ameona haya, Petronela. Amekufa na haya yake."

"Naamini. Lakini hebu fikiria, bibi mkubwa. Bwana mkubwa akilazwa pale, Szczepan si itambidi asimame? Avue kofia mpaka siku ya kiyama? Mwanangu alichoka. Mwache alale amejinyoosha."

Salomea alirudi nyumbani akatusimulia kama alivyoyasikia. Klementyna alilia kwamba ahadi aliyopewa maiti haivunjwi. Binti yako Izydora akamwuliza, "Mama, na mama yake Szczepan tumvunjie nini?" Ndivyo mlango wa chini ya kanisa ulivyofunguliwa.

Kwa hiyo, Hieronim, kama ulikuwa hujui uko wapi, uko hapo hapo ulipopakataa, kati ya babu aliyekuwa akikoroma na shangazi Tekla asiyenyamaza. Tumekunyima, na mwaka mzima hatujajuta. Ulitaka kuomba radhi, lakini ulikuwa unaomba na nafasi ya ubavuni pa Szczepan. Radhi haikuwa yetu kuitoa, na nafasi haikuwa yako kuichagua.

Wiki iliyopita Salomea alipita tena kwa Petronela kumwuliza kama amekusamehe. Tungeweza kukudanganya, wewe marehemu hungetukosoa. Amesema hajakusamehe. Amesema pia kwamba ulisimama vizuri kule Lwów, na yote mawili ni kweli. Sheria bado ipo. Nguruwe wamekula viazi vya nusu kijiji mwaka huu, na watu waliwatazama.

Wanaokukumbuka ni mkeo Klementyna, binti yako Izydora, dada yako Salomea, na farasi wawili waliobaki. Ibada ni Jumapili, baada ya misa ya kwanza. Petronela ameambiwa, na amesema hatakuja.

Jina lako halitakoma midomoni mwetu, Hieronim, pamoja na yote uliyoyafanya. Lala ulipo.