Matanga kwenye Zulia Jekundu

Mutuku mpwa wangu,

Ni mimi Anko Nzioka, kaka ya mama yako. Niko hapa Kaloleni yetu ya Nairobi, mezani kwake, na ngoma yako iko kwenye kona ulipoiacha, inaniangalia. Sijui barua ya mtu aliyekufa inapitia posta gani. Nilifika darasa la sita tu, na siku nyingi mwalimu mwenyewe hakufika. Nitaandika hivyo hivyo.

Nianze na habari. Tangu tukuzike, wageni wa serikali wamezidi. Bendera zinabadilishwa kwenye nguzo za Mombasa Road kama nguo kwenye kamba. Zamani walikuwa wazungu tu, wanashuka kwenye ndege na mawaidha yamejaa masanduku. Siku hizi anakuja wa kutujengea barabara, anafuata wa kununua parachichi, halafu anakuja wa kutuuliza mbona yule wa kwanza tulimpa barabara. Mimi nawaambia watu pale base, kijiweni petu, kwamba nchi yetu ni mpangaji mwenye malandilodi watatu, na kila mmoja anataka asalimiwe wa kwanza. Wanacheka. Kisha naangalia upande wako wa benchi ili unipinge, na naona mbao tupu.

Maana wewe ungenipinga. Unakumbuka, pale uwanja wa ndege kundi letu linapowapokea wageni, nilivyotaka wakubwa tuwapigie ngoma kubwa na wadogo tuwapigie ya kuwapitisha tu? Nilisema yule wa nchi tajiri tumwongezee, labda afungue mkono. Ukaniambia, "Anko, mgeni ni mgeni. Wote tunawapigia ile ile." Na ukawapigia ile ile, mwenye ndege kama ghorofa na yule aliyekuja na ndege ya kuazima.

Mimi niliyekufundisha kushika ngoma ukiwa na meno ya maziwa, nilikuwa nimesimama nyuma yako nikitikisa kayamba, na sikuona aibu. Hapo nyuma ndipo nilipozitunga hadithi zangu. Kaloleni yote ilijua kwamba rais mmoja wa Ulaya aliniuliza dawa ya magoti, na kwamba mfalme fulani alitaka kuninunua pamoja na kayamba langu. Ulikuwa unacheka mpaka unakohoa. "Anko, hiyo moja ina mabawa." Kile kikohozi, mpwa wangu, mimi nilidhani ni kicheko.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Yule kijana wa itifaki, yule wa suti anayetupanga pale uwanja wa ndege, ambaye ulimbatiza Bwana Dakika kwa sababu hana neno lingine mdomoni, aliniita baada ya mazishi. Akasema kuna mgeni anakuja, na kundi letu likiyumba nafasi yetu inapewa watoto wa shule na spika zao. Akaniuliza, "Mzee, bila yule kijana wenu, mtaweza kweli?" Nikamjibu, "Na yeye alifundishwa na nani?" Nilijipiga kifua, unanijua. Lakini nyuma yangu Mama Shiro, yule anayewaongoza akina mama kucheza, hakutikisa hata njuga. Unajua yeye hushona suruali kule Athi River, za kupelekwa Amerika. Tangu Amerika wapandishe ushuru na ule mkataba wa kuwauzia nguo uanze kuning'inia, fakitri imepunguza zamu, na yeye ni wa kuitwa siku moja moja. Uwanja wa ndege ndio umebaki kuwa unga wa watoto wake. Aliniambia polepole, "Anko Nzioka, hii usiifanye hadithi."

Nikaichukua ngoma yako. Hakuna mwingine angeiweza.

Hapo ndipo ulipoanza mambo yako. Kila nilipokuja kuichukua twende mazoezi pale ukumbini, niliikuta ngozi imekaza, ina joto, kama mtu ametoka kuipasha motoni. Nikamuuliza mama yako kama ni yeye. Akasema tangu siku ile hajaigusa, hata vumbi lake anaogopa kulipangusa. Nikajiambia ni joto la mabati. Lakini nyumba hizi za Kaloleni zina vigae, Mutuku, wewe ulizaliwa chini yavyo.

Na mikono yangu ikaanza kutembea peke yake. Nikiwa dukani nasubiri chenji, vidole vinapiga juu ya kaunta. Nikiwa kanisani vinapiga kwenye goti. Sikujua vinapiga nini mpaka jirani mmoja mzee aliponishika mkono akasema, "Nzioka, acha. Huo ni wa kushusha mtu." Ni kweli. Ulikuwa ule mdundo tuliokupigia kaburini kule Kitui, kamba zikiwa bado mikononi mwa vijana.

Siku ilifika. Mgeni alikuwa rais wa huko Afrika Magharibi, mtu mrefu, kanzu nyeupe inayofagia ngazi za ndege. Kwenye redio walisema wakubwa wa dunia wanafungiana milango, kwa hiyo Afrika sasa iuziane yenyewe kwa yenyewe, sisi chai yetu, wao kakao yao. Mimi nilikuwa tayari na hadithi ya kurudi nayo nyumbani, nimeshaitunga ndani ya gari.

Tukaanza vizuri. Ile ile yako, ya kukaribisha. Akina mama wanaruka, njuga zinalia, Bwana Dakika anatingisha kichwa. Rais wetu na mgeni wakaanza kulikanyaga zulia jekundu kuja upande wetu. Kisha kitu kikanishika hapa juu ya viganja. Siongezi chumvi. Kilinishika kama mtu mzima anavyomshika mtoto anapomfundisha, kama nilivyokushika wewe. Na mdundo ukageuka.

Nilijaribu kuurudisha. Nakuapia. Mikono ilikataa. Ikapiga ule wa kaburini, mzito, wenye nafasi katikati za kuvutia pumzi. Nikamtazama Mama Shiro anisaidie, nikakuta miguu yake imeshaufuata, machozi yanashuka na uso hausogei. Wote waliufuata. Walikuwa Kitui wote, miguu yao ilikuwa inaujua.

Mgeni akasimama. Wao huwa hawasimami, unajua, hupunga mkono wakapita. Huyu alisimama, akatoa miwani, akasema kitu kwa Kifaransa. Msichana wake wa kutafsiri akanijia mbele, akaniambia kwa Kiswahili safi kabisa, "Mheshimiwa anauliza, ni nani amefariki?"

Miaka yote hii nimedanganya kwamba marais wanaongea na mimi. Sasa mmoja ameongea kweli. Nikasema, "Mutuku. Mpwa wangu. Ngoma ni yake." Basi. Mgeni akalirudia jina lako, akaweka kiganja juu ya ngozi, akakiacha pale kidogo, kisha akaendelea na safari yake ya chai na kakao.

Bwana Dakika alingoja magari yaondoke. Akatunyang'anya vibali vyetu vya kuingia uwanjani, mmoja mmoja. "Mzee, umeleta matanga kwenye zulia la taifa. Wageni wa kutoka Asia wanakuja, unataka wafikirie hapa kuna maiti?" Mama Shiro alimpa chake. Mimi angenitukana ingekuwa afadhali. Alifunga njuga zake ndani ya leso, akaniambia, "Nilikuomba, Anko." Na hao wa Asia wamekuja kweli, wamepokewa na watoto wa shule na spika.

Kwenye televisheni kile kipande hawakukionyesha. Nimewasimulia watu wa base wakabingirika. "Rais alikuuliza nani amekufa? Na wewe ukamjibu kwa Kifaransa, sio?" Nikawaacha wacheke. Ndiyo mara ya kwanza sikuwa na la kuwaongezea.

Mama yako nilimweleza hapa hapa mezani. Hakucheka. Aliendelea kuchambua maharagwe, kisha akauliza kitu kimoja tu, "Alilitamka vizuri?" Nikamwambia, vizuri kuliko mchungaji aliyekuzika.

Mutuku, kama ulichotaka ni jina lako litajwe mahali pale, limetajwa. Sasa niachie. Vidole vyangu bado vinatembea. Hata hii barua nimeiandika nikisimamisha mkono wa kushoto kwa kuukalia.

Nimeamua hivi. Nitaenda kwa Bwana Dakika, ofisini kwake. Nikimwambia ni wewe, atawafukuza wote moja kwa moja. Kwa hiyo nitamwambia nilikuwa nimelewa. Pombe mimi sinywi, tumbo langu liliikataa zamani, na wewe ndiye uliyekuwa unanipitishia maziwa kwenye harusi. Lakini hiyo ataiamini upesi, mzee wa Eastlands mlevi. Nitamwambia awarudishie Mama Shiro na wenzake vibali vyao, awatafutie mpiga ngoma mwingine, na mimi nisikanyage tena pale. Nimetunga hadithi nyingi za kunikuza. Hii ndiyo ya kwanza ya kunipunguza, na nitaisimulia vizuri mpaka anuse pombe yenyewe.

Lala sasa, mtoto wa dada yangu. Ngoma yako nitawapa waende nayo. Usiwafuate. Kama ni lazima umfuate mtu, nifuate mimi, nitakuwa hapa Kaloleni, sina tena ndege ninayoingoja. Nakuahidi kibali cha Mama Shiro kitarudi shingoni mwake hata ikibidi nilie mbele ya kijana yule, na kulia mbele yake sitahitaji kudanganya.

Anko wako,
Nzioka