Ua Jekundu Uliloliona Peke Yako

Mama yangu,

Leo nimelijua jina la ua lako. Nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, katika kliniki ninayosafisha hapa Oud Metha, Dubai.

Unakumbuka ulivyonipigia kwa ile kabambe yako, simu ya vitufe, ukihema, ndiyo kwanza umetoka msituni? "Nyambura, nimeona ua jekundu. Limeinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Lina mikia mitano, na ukiunyonya mkia ni mtamu." Ukarudi huko kesho yake, na kesho kutwa. Kaka Kariuki alipekua kila kichaka asilione. Majirani wakasema akili zimeanza kukuruka. Nami, niliye mbali, nikamwambia kaka, "Mfungie mlango."

Siku ya mwisho tuliyozungumza hukulia. Uliuliza tu, "Sasa nani atalijibu lile ua?"

Ukafa humo ndani. Pasipoti yangu ilikuwa kwa kafeel, mwajiri wangu, sikukuzika.

Asubuhi hii bibi mmoja Mmarekani, mwalimu wa mimea aliyestaafu, alikuwa akimsubiri daktari huku anachora maua. Nikashindwa kujizuia. "Madam, mama yangu aliona ua jekundu linalotazama chini, lenye mikia mitano. Ni ua gani?"

"Linaning'iniza nyuzi za manjano? Majani yamegawanyika matatu matatu?"

Nikakumbuka ulivyosema majani yake ni kama dania. Akalichora mbele yangu, mkia baada ya mkia.

"Kolambaini nyekundu," akasema. "Humea kwenye misitu ya milimani yenye unyevunyevu, lakini kwetu, ng'ambo. Afrika halimei lenyewe. Labda mama yako aliona picha?"

Picha gani, Mama, nawe hukuwahi kushika kitabu?

Nilimtumia Kariuki ule mchoro. Adhuhuri akapiga, ananong'ona. Ameyaona mashina saba ya ua hilo kando ya kijito, pale pale alipopita mara nyingi akikutafuta.

"Nyambura, yamepaliliwa. Udongo bado mbichi. Na hakuna nyayo za mtu."

Hakuthubutu kugusa hata jani.

Hukupotea akili, Mama. Mimi ndiye niliyekataa kukuamini, na hilo nitalibeba. Nisamehe. Na kama mikono iliyoyapalilia ni yako, palilia tu. Hakuna atakayekuzuia tena.

Ni mimi,
binti yako wa mwisho