Maziwa ya Handakini

Rukoki, Kasese
Jumamosi, 11 Oktoba 2025. Asubuhi manyunyu, milima haionekani.

Mpendwa Dada Loyi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Bwera, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi hatujambo. Mwanangu Enoka amepona malaria na anakusalimu sana.

Dada, lile handaki walilochimba baba na wenzake pale kiwandani, ili tujifiche kutokana na ndege za vita mwaka wa sabini na tisa, sasa limehifadhiwa. Limepakwa chokaa, limewekwa taa, na wageni wanatembezwa. Anayewatembeza ni Ronah, binti wa Eriya, jirani yetu wa zamani. Kazi hiyo niliiomba mimi pia. Tulizaliwa mwezi mmoja, tukafichwa humo pamoja tungali wachanga, lakini akachukuliwa yeye. Nilimeza uchungu. Kisha nikasikia kwamba huwaonyesha watu benchi la ukutani na kusema mama yake alikaa pale akiwaimbia waliojificha. Mama yake! Aliyeimba ni mama yetu.

Leo nikaenda. Alipofika kwenye benchi, nikapaza sauti kwamba mama huyo ana watoto wake, na yeye si mmoja wao. Wageni wakageuka. Mzee mmoja akacheka, akaniambia, "Mama, ungoje zamu yako basi!"

Ronah hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akanivuta kando. "Dada, mama iko yako," akasema, "lakini ile maziwa, mimi pia nilinyonya."

Alivyosimuliwa na mamake, mamake huyo alikuwa amemwachia mama yetu mtoto akafuata maharagwe Kyarumba, barabara ikafungwa. Na watu mle handakini waliamini rubani anaweza kusikia mtoto akilia. Kwa hiyo aliyelia ndiye aliyepewa ziwa. Ronah alipiga kelele usiku na mchana. Mimi nilikuwa kimya, nikapewa maji ya sukari. Anasema wewe ndiye uliyeninywesha, kwa kijiko.

Dada, ulikuwa na miaka tisa, unakumbuka. Mbona hukuniambia? Nilidhani namwonea wivu wa kazi, kumbe alinitangulia hata kwa mama. Mama hayupo nimuulize. Niambie wewe: alipokuwa akimnyonyesha Ronah, aliniangalia?

Msalimu shemeji, na wajukuu wote hapo nyumbani. Mungu awalinde.

Mdogo wako akupendaye,
Birungi

Jumapili. Sikuwahi kuifunga barua jana. Nililia, Dada, kwa sauti, mpaka Enoka akagonga mlango. Nililala saa nane usiku.