Mama ya Mapasa Alipatikana mu Kamina

Mama yangu mupenzi,

Ushushe moyo: mudogo yako, mama mudogo Veronika, iko muzima. Kisha udongo kutetemeka na maji ya ziwa kupanda mu mugini yabo, bantu mingi balikimbilia hapa Kamina, na sasa banalala mu kiwanja ya misioni. Nilizunguka kule nikiulizia Veronika, lakini hakuna mwenye kumujua.

Kila asubui mubaba mumoja wa reli anapanda juu ya pipa na kutangaza habari kwa Kiluba na kwa Swahili: "Maji imerudia mu ziwa! Musiogope maneno ya uongo! Treni itapeleka mbegu na nyavu ku mugini yenu!" Nikamuomba aite Veronika. Akaita. Bantu bakaendelea na kazi yabo.

Akaniuliza: "Ku mugini banamwita namna gani?"

"Mama ya mapasa, batoto babili ba tumbo moja, Kyungu na Kabange."

Akaita vile. Katikati ya banamuke benye kutwanga mahindi, mumoja akasimama, muchi mukononi: "Ndiyo minyi! Nani ananiita?"

Tulilia, tukacheka, unga ikatujaa mu nguo. Maji ilibeba nyumba yake, lakini mapasa iko naye. Nikamuambia aje kwetu Elisabethville. Akakataa: "Hapana, mutoto yangu. Kama minyi sirudi, nani atapanda muhogo?"

Basi, nitapanda naye treni ile ya mbegu, nimusaidie kujenga. Umutumie kikwembe moja ya kujifunga, yake ilipasuka. Busu kwa baba pia. Leo ulale usingizi muzuri, mama.

Mutoto yako,
Albertina