Binti Yangu Ananiita Bwana Tidmore

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza niutangazie ulimwengu kwamba Jumapili iliyopita, mbele ya Wabaptisti wote wa mji wetu hapa Alabama, suruali yangu ya kanisani iligoma rasmi kufungwa kifungo, mke wangu akasema, "Virgil, ama uache mkate wa mahindi ama uache kuimba umesimama," watu wakacheka, nami nikacheka, ila binti yetu Nell, mwenye miaka tisa, hakucheka, na ndiyo sababu nakuandikia.

Mwezi uliopita niliitwa mahakamani, mmoja wa wanaume kumi na wawili wa kuamua kesi, weupe watupu kama ilivyo desturi, na mshtakiwa alikuwa Ezra Pettway, fundi mweusi aliyedaiwa kuchoma ghala la pamba, nami nilijua hakulichoma kwa sababu saa ileile alikuwa juu ya paa langu akipigilia bati, Nell akimshikia ngazi, na Ezra mwenyewe alisema, "Bwana Virgil anajua," akanitazama, mimi nikatazama kofia yangu, hakimu akamnyamazisha, kisha katika chumba cha kuamulia wenzangu wakanyoosha mikono kumtia hatiani, wote wateja wa duka langu, mmoja akaniuliza, "Vipi Virgil, mkono umekufa ganzi?" nami nikaunyoosha. Ezra akapewa miaka kumi na mitano jela.

Nell aliniuliza, "Baba, kwani hukuwaambia alikuwa kwetu?" Nikamjibu hayo ni mambo ya wakubwa. Tangu hapo ananiita Bwana Tidmore. Nimlee vipi anirudie?

Virgil Tidmore

Bwana Virgil,

Pole, lakini pole hiyo nakupa nusu. Nusu nyingine ni ya mke wa Ezra. Mtoto hajakosa malezi. Yamemshika, ndiyo maana anaumia. Usimhonge kwa peremende, wala usithubutu kumkaripia.

Kesho asubuhi nenda kwa wakili wa Ezra, ule kiapo cha maandishi kwamba saa ile alikuwa kwako, rufaa ikatwe. Wateja watahama? Wahame. Kisha nenda kwa mke wa Ezra, bisha mlango, vua kofia, umwite Bi Pettway, si jina lake la kwanza kama tulivyozoea sisi weupe. Asipokufungulia, ana haki. Nell mwache nyumbani, asiende kukuombea huruma.

Ukirudi, keti naye, umwambie bila kujitetea: "Ezra alikuwa juu ya paa letu. Nilijua. Aliponitazama niliinamisha uso, nikaogopa majirani, nikanyoosha mkono."

Halafu nyamaza.