Mgongo wa Babu Kwenye Video

Jumamosi jioni, mwezi wa saba. Baridi ya leo ni ile ya kuvaa soksi mbili na bado unang'ang'ania jiko la mkaa. Ila moyo wangu umetulia, yaani nimetua mzigo. Video imeonyeshwa, imesikika, na Babu hajakasirika.

Hajakasirika. Naandika mara mbili ili niamini.

Klabu yetu ya historia ilipewa kazi ya kutengeneza video za mambo ya zamani ya huku kwetu, wazazi waje kuziona. Mimi ndiye kiongozi wa kundi letu, na nikaropoka palepale kwamba sisi tutafanya malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo Wafipa wa zamani walikuwa wanayeyushia chuma. Baba yake Babu alikuwa fundi wa kazi hiyo. Kijijini kwa Babu, njia ya kwenda Namanyere, bado kuna tanuru moja limebaki nusu, na kwenye ukoo wetu ni yeye tu aliyebaki anayejua lilivyokuwa linawashwa. Madam wa historia akafurahi. Nikaandika maswali kurasa mbili.

Tulipofika huko, Babu akasema atawaambia wavulana wawili wa kundi letu. Mimi nikae na Bibi.

Nilinuna, sitaki kudanganya. Najua Babu hakuwa na ubaya, ndivyo alivyolelewa. Tanuru lilihesabiwa kama bibi harusi wa mafundi, na tangu linajengwa mpaka chuma kinatoka hawakurudi kwa wake zao. Mwanamke hakusogea pale wala kuambiwa kinachofanyika. Lakini maswali yalikuwa yangu, jamani. Deo na Paskali wakapanda mlimani na simu ya Madam, mimi nikabaki napukuchua mahindi na Bibi. Yeye ananiangalia, anatabasamu. Nikaona hata yeye ananicheka.

Wavulana walirudi wamevimba vichwa. Kufungua video, ni upepo. Mwanzo mpaka mwisho upepo unavuma fuuu, na Babu anachezesha midomo. Hakuna aliyekumbuka kujaribu sauti kwanza. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

Si kwa ajili ya klabu tu. Kifua cha Babu siku hizi hakimpi raha, na niliogopa kwamba maneno yale yametoka kwa mara ya mwisho na sisi tumeyapoteza.

Wiki hii akaja mjini kliniki, akafikia kwetu hapa Izia. Kesho yake alikuwa anawahi basi. Deo yuko shambani anavuna, Paskali anaumwa. Nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama Bibi alivyonifundisha kuwasalimia wakubwa, nikamwambia ukweli wote: Babu, sauti haikuingia, na hakuna mvulana wa kuja kurudia. Akainuka bila kuniangalia. Nikajua nimeharibu.

Kisha akachukua kigoda, akakigeuza, akakaa amenipa mgongo.

“Mimi naongea na ukuta,” akasema. “Nyuma yangu sijui yupo nani.”

Nilishika simu kwa mikono miwili. Akasimulia yote: udongo wa kichuguu, kikapu cha dawa kinachofukiwa chini ya tanuru, namna moto unavyolishwa, hadi wimbo wa kuwashia akauimba kwa Kifipa, na kikohozi kikamkata katikati. Picha inayumba kidogo. Sikuondoa kitu, hata kikohozi nilikiacha.

Leo darasa lilijaa. Babu na Bibi walikuja na basi la asubuhi, wakakaa mbele. Mgongo wa Babu na kofia yake vilipotokea ukutani, watu wakacheka wakidhani tumekosea. Mimi nilijibanza pembeni ya spika. Alikuwa ameniruhusu kuionyesha, lakini humo ndani wengi walikuwa akina mama, na ile ilikuwa siri ya baba yake. Niliogopa atasimama aondoke.

Wimbo ulipoanza nikasikia sauti ya pili. Nikadhani spika imeharibika.

Alikuwa Bibi. Anaimba taratibu, macho ukutani, neno kwa neno. Babu wa kwenye video alipokohoa, yeye aliendelea peke yake mpaka yule wa ukutani akarudi kwenye wimbo, akamkuta mbele.

Babu akamgeukia.

“Huu umejifunzia wapi?”

“Kwa mama yangu,” Bibi akasema. “Hao mafundi walipokatazwa kurudi nyumbani, nani alikuwa anawapelekea chakula? Akina mama walikuwa wanakiacha chini ya mlima. Upepo unawaletea wimbo.”

Babu akamuuliza kwa nini amenyamaza miaka yote hii. Bibi akajibu kwamba alimwona anavyoitunza ile siri, akaona asimharibie.

Babu alicheka mpaka kikohozi kikamshika, Mama akakimbilia maji. Darasa zima likacheka naye. Mimi nilikaa chini palepale pembeni ya spika, nacheka na machozi yananitoka.

Sasa wamepumzika chumbani kwangu, nawasikia wanabishana kwa Kifipa kuhusu ubeti wa mwisho. Kila mmoja anasema mwenzake kaukosea.

Nimefurahi, lakini kuna kitu kinanisumbua. Siku ile nilishinda na Bibi nikipukuchua mahindi, nimenuna kwamba nimenyimwa historia, na kurasa mbili za maswali ziko mfukoni. Sikumuuliza hata moja.

Kesho tukitoka misa nakaa naye na simu. Nimemuuliza kama angependa na yeye kunipa mgongo. Amesema hapana, nikae mbele yake, anataka kuniona kama nasikiliza.